Samaki Hakufika Kooni

Kwanza tuwekane sawa: samaki sijammeza. Mdomoni alifika, kooni hakufika. Ni mambo mawili mbalimbali, na anayetaka kunihukumu aanzie hapo.

Nasema hivi kwa sababu tangu Jumanne usiku kuna voisi inazunguka, dakika 2 na sekunde 14, ya jamaa yangu mmoja. Jina silitaji. Sauti yake mnaijua, kama gari la matangazo. Anasema alipofungua mlango wangu alinikuta "kapiga magoti, mkia wa samaki waning'inia mdomoni, mkwewe kasimama mbele yake, saa kumi na nusu mchana wa Ramadhani." Tatizo la voisi ile ni kwamba kila neno lake ni kweli. Alichokosa ni yaliyotangulia tu. Juzi baada ya tarawehe muuza kahawa wa hapa chini, mzee ambaye hata simu ya maana hana, kanipa kikombe akaniuliza, "Nikupe na kashata, au weye kitoweo chako wajitafutia mwenyewe?"

Basi haya ndiyo yaliyotangulia.

Tangi langu mnalijua, nimeshawachosha kwa picha zake. Vioo vya lita 60, ndani gapi 15, vile visamaki vya mapambo, niliwaleta mwenyewe kutoka Dar kwenye dumu la lita 5, nimelipakata ndani ya boti kama mtoto mchanga, mama wa kiti cha pili anatapika na mie nalikinga dumu kwa mkono. Mkubwa wao ni Bwana Harusi, dume lenye mkia mwekundu mpana, likigeuka utadhani mtu anakunjua kanga. Jina nilimpa wiki ile ile niliyooa. Msinichambue.

Mama mkwe akapiga simu kuwa anakuja kutoka Wete. Siku nne tu, amtazame mwanawe, kisha arudi kufanya Idi kwao. Ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba yetu. Mke wangu akaanza kufua mapazia. Mie nikatazama nyumba nzima, nikaona sehemu iliyo chini ya mamlaka yangu ni moja: tangi.

Jumamosi nikalivamia. Nikaitoa sponji ya filta, ile inayochuja maji, nikaikuta kahawia, ina ute, yateleza kama bamia. Nikaona haya. Mtu avuke bahari kutoka Pemba aje aone uchafu kama huo kwa mkwewe? Nikaitumbukiza kwenye ndoo, nikaikamua, nikabadilisha maji, nikaikamua tena, ndoo nne nzima, mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Mawe nikayasugua kwa brashi. Maji ya tangi nikayamwaga karibu yote, nikatia mapya. Na hayo mapya yenyewe, sisi hapa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne bomba halitupandii, twabeba kwa ndoo kutoka simtanki la chini. Jirani, Mungu amlipe kwa nia yake, alikuwa ameshalitia klorini, dawa ya kuulia vijidudu, kwa ajili ya matumbo ya watoto.

Wenye samaki majumbani hapa wameshashika vichwa. Wengine tuendelee.

Kisha nikazidisha chakula, ili mgeni awakute wamenawiri. Nilikuwa nawapa mara moja kwa siku, nikawapa mara nne. Mie nimefunga, wao wanakula daku, asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Mama akafika Jumatatu, yeye na shemeji yangu mdogo wa miaka tisa. Tangi linang'ara. Akaliinamia, akalitazama kwa utulivu, akasema, "Mashaallah. Na hawa nao waliwa?" Nikacheka kile kicheko cha mkwe, cha midomo bila meno, nikasema, "Hapana mama, hawa wa kutazama tu."

Likumbukeni jibu langu hilo.

Jumanne nikarudi kazini saa tisa, maji yamekuwa tui. Sisemi yalichafuka. Tui la kwanza, zito, ukitia mhogo unapika. Samaki wenyewe wanaonekana kwa mafungu, mkia hapa, jicho kule. Nikamshuku mtoto. Nikamwita pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya askari, "Umetia maziwa humu?" Akaangua kilio. Mama akachungulia kutoka chumbani kuona nani anamliza mwanawe. Hiyo ilikuwa alama yangu ya kwanza siku ile.

Nikampigia fundi wa Dar aliyeniuzia.

"Sponji umeifanya nini?"

"Nimeiosha."

"Kwa maji gani?"

"Ya ndoo."

"Yana klorini?"

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza, kama daktari anayetafuta maneno.

"Kaka," akasema, "umewaua wafagiaji wako."

Kumbe ule ute niliouonea haya ndio uliokuwa ukiiweka hai nyumba ile. Ni bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa kwanza huila wakaifanya naitraiti, ambayo nayo ni sumu, wakaja wengine wakaigeuza naitreti, ambayo samaki anaivumilia ikiwa si nyingi. Kuwakalisha wote hao ndani ya tangi jipya huchukua kama wiki 4 mpaka 6. Mie nimewafukuza kazi Jumamosi moja, halafu nikaongeza taka mara nne. Ule weupe ni bakteria wengine, waliokuta karamu haina mwenyewe, wanazaliana majini na kuimaliza hewa. Akaniambia pia kuwa maji yetu, kwa kupita kwenye mawe ya chokaa, gapi wanayapenda, lakini amonia ikiingia humo pamoja na joto hili letu huwa kali zaidi.

"Sponji huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe," akasema. "Unaikamua mara mbili tatu, basi, hata ikibaki chafu. Sasa hivi punguza theluthi ya maji, utie maji yasiyo na klorini. Hewa iende kwa nguvu. Chakula hakuna mpaka nikwambie."

Aliposema "hewa iende kwa nguvu," umeme ukakatika. Sizidishi chumvi. Pampu ikakoroma mara moja ikanyamaza.

Samaki wote wakapanda juu. Wamejipanga usawa wa maji, midomo wazi, wanahema, macho yanatazama dari. Mmeshawaona watu ukumbini saa kumi na mbili jioni, tende imeshashikwa mkononi, sikio liko msikitini? Ndio wao. Ila hawa adhana yao ilikuwa inanisubiri mie.

Nikampigia jamaa wa voisi, ana pampu ndogo ya betri ya kuwekea chambo hai, nikamwambia akimbie. (Nilimwita mwenyewe. Nakubali.) Maji yasiyo na klorini nyumbani yalikuwa dumu moja tu, lita 20 za kunywa, za kufuturia. Nikalivuta karibu. Mke yuko kwa jirani anakuna nazi. Kwenye meza ndogo kando ya tangi kuna bakuli la tui alilokwisha kulikamua, jikoni kwetu hata sufuria hugombea nafasi. Mama yuko chumbani anasali alasiri.

Mpira ninao, ule wa uwazi, unene wa kidole gumba. Namna ya kuyaanzisha maji yateremke nilishaona kwa mafundi wanaovuta petroli: unatia ncha moja humu, unavuta kwa mdomo, yakishika njia unaachia kwenye ndoo. Nilijua nimefunga. Nilikuwa na mpango. Mpira ni wa uwazi, nitayaona yakija, nitaubana kabla hayajafika. Mtu mzima, nimesoma skuli, huo ndio mpango wangu.

Nikapiga magoti. Nikatia mpira mdomoni. Harufu ikanipanda puani kama yai lililosahauliwa, nikafumba macho.

Nirudie. Mpango mzima ulitegemea macho, na macho nikayafumba.

Nikavuta mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikaisikia pumzi ya mpira imekuwa nzito. Na hapo ndipo mlango wa chumbani ulipofunguliwa. Nikasikia kanga za sala zinaburuta. Zikasimama. Mama wa watu anaona tusichokiona mie na macho yangu yaliyofumbwa: Bwana Harusi, amechoka, hana nguvu ya kupingana na mkondo, ameingia mpirani kichwa mbele, anapanda kilima kuja kwangu, taratibu, mwekundu, kama gari la abiria linalopanda mlima.

Akaniita. "Mwanangu!"

Sasa nyie mliolelewa mnajua. Mkwe akikuita hunyamazi. Unaweza kuwa kwenye jeneza, utaitika. Mdomo wangu haukunitaka ushauri, ulifunguka wenyewe, mpira ukiwa ndani:

"Naam—"

Na kusema "naam" kunataka pumzi, na pumzi ile niliivuta kutoka mahali pamoja tu palipokuwapo.

Maji yakaja yote kwa pamoja, vuguvugu. Funda moja likapita kabla sijajua jina langu. La pili nikalizuia kwa mashavu. Na ndani ya la pili, juu ya ulimi, kitu kikapiga kofi. Kidogo, laini, kina haraka. Plap. Nikafumbua macho. Plap, plap. Mashavu yamejaa, macho yamenitoka, nikamtazama mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe, kwa sababu mpaka siku ile heshima ilikuwa inanizuia kuvuka mabega yake. Midomo nimeibana, lakini mkia umeshatoka nje. Najua umetoka kwa sababu nauhisi unanipepea kidevuni.

Mlango wa nje nao ukafunguliwa. Jamaa, na pampu yake mkononi.

Watu watatu, hakuna anayesema. Mkia peke yake ndio uliokuwa na maoni.

Kumeza siwezi. Kutema sakafuni, mbele ya mkwe, juu ya mkeka wake, siwezi. Nikageuka kutafuta chombo, na chombo kilichokuwa karibu, Mungu ananiona, kilikuwa lile bakuli. Bwana Harusi akatoka kwenye tui moja akaingia tui jengine.

Mama akalitazama bakuli. Akanitazama mie. Akageuka dirishani, akalitafuta jua angani, akalikuta limesimama pale pale lilipo. Akauliza kwa upole kabisa, upole wa Kipemba ambao hujui unakwenda wapi:

"Kwani jua lishakuchwa?"

Jamaa akaiweka pampu chini, akatoka. Ngazi zote nne nilisikia anacheka, na ghorofa ya pili alisimama kupumzika.

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Nilimvua Bwana Harusi kwa kijiko. Pampu ya betri ikafanya kazi. Dumu la kufuturia likaingia tangini, nikatumwa madafu kwa hasira na familia ikafungulia madafu. Futari ikawa mhogo wa kuchemsha usio na nazi, na kila kipande nilikila kimya. Usiku nikabadilisha maji tena, safari hii yaliyolala wazi kwenye beseni ili klorini iruke. Gapi wanne walikufa. Fundi wa Dar, nilipomsimulia, alinyamaza muda mrefu kisha akaniambia kwamba mpira huujaza maji ndani ya ndoo, unaziba ncha kwa kidole gumba, unazamisha ncha nyengine tangini, unaachia. Mdomo hauhusiki kabisa. Angeweza kuniambia Jumanne.

Sheikh wa msikitini nilimwendea kuuliza habari ya lile funda. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Akasema nilipe siku moja, moyo wangu utulie. Nitalipa. Na wewe uliyeniandikia "lipa na mchuzi," nimekuona.

Maji leo yana wingu jembamba tu, kama chai ya maziwa iliyotiwa maji mengi. Sponji imeshaanza kurudia ute wake na naipita bila kuigusa. Bwana Harusi yu hai, mkia umechanika upembe mmoja, na nikikaribia kioo anakwenda kujificha nyuma ya jiwe.

Mama mkwe aliondoka Ijumaa. Kwa siku zote zilizobaki hakulitaja jambo lile hata mara moja, ila kila magharibi alinisogezea tende na kusema, "Haya mwanangu, sasa ndiyo wakati." Leo asubuhi mke wangu kapokea mzigo uliokuja na boti ya Pemba. Pakacha, limefungwa vizuri kwa ukambaa. Ndani mna ng'onda, samaki wa kukaushwa, kubwa, limekauka kama ubao. Nikauliza la nani. Mke wangu akashindwa kusema kwa kicheko, akanipa simu nimsikilize mamake mwenyewe.

"Hilo la mkwe wangu," anasema. "Mwambie hilo halipigi kofi."