Nani aliwahesabu?

Ajali ikitokea kati ya Awasi na Ahero, Kisumu nzima huwa na idadi ya waliofariki kabla breakdown, gari la kuvuta magari yaliyoharibika, haijafika. Huyu anasema saba, yule kumi na sita, na redio inatangaza "zaidi ya ishirini, kwa mujibu wa duru za kuaminika". Duru hizo mimi siziamini. Habari ya vifo isiyotaja nani aliyehesabu, wapi na saa ngapi, ni uvumi uliopigwa pasi.

Tuseme polisi wamehesabu miili 7 barabarani. Miili hiyo inapelekwa hospitali ya Ahero pamoja na majeruhi, na majeruhi wawili wanakata roho wakishushwa. Muuguzi akiulizwa anasema wana maiti 9, wala hasemi uongo. Mwandishi aliye mbioni anajumlisha 7 na 9, anapata 16. Jioni majeruhi aliyehamishiwa JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ambayo wengi bado huiita Russia, anafariki. Hospitali zote mbili zinamtaja, kwa hiyo mtu mmoja anakuwa wa 17 na wa 18. Waliofariki kwa kweli ni 10. Hakuna aliyedanganya hapo. Kilichoharibu ni kujumlisha hesabu zinazoingiliana.

Mwandishi, shika hesabu moja ya msingi, ile ya polisi waliokuwa pale. Kisha iulize kila hospitali: wangapi wameletwa wakiwa wameshafariki, na wangapi wamefia hapa kwenu? Jumlisha jibu la pili tu. Halafu andika na saa, kwa sababu idadi ya saa kumi si ya saa mbili usiku. Juni 30, 2023, trela ilipowavamia watu pale Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, idadi iliendelea kupanda hadi 52. Kupanda si aibu. Aibu ni kupanda na kushuka bila maelezo.

Picha nazo zina mitego yake. Moto wa lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, uliwaka Januari 31, 2009, kwa hiyo "picha ya Sachangwan" inayoonyesha gari lenye namba inayoanza na KC au KD ni ya kwingine. Namba hizo zilikuwa hazijaanza kutolewa. Lakini kipimo hiki hukata upande mmoja tu: gari la KA, namba za zamani, linaweza kabisa kuwa kwenye ajali ya jana. Na ukifunika namba ya matatu, funika na jina la sacco na michoro ubavuni, maana mama aliyeko Kondele huitambua gari ya mwanawe kwa rangi tu.

Lugha yenyewe pia humtia mtu hatiani. "Mshukiwa aliyemuua mkewe" ni hukumu tayari, hata kama neno mshukiwa limo. Sema "mwanamume anayeshukiwa kumuua mkewe", na usimwite mshtakiwa kabla hajasomewa mashtaka. Vilevile, kuficha jina la mtoto aliyenajisiwa kisha ukataja kijiji, darasa na jina la baba wa kambo ni kumtaja.

Bahasha, yaani pesa anayopewa mwandishi na anayetaka habari yake itoke, sitaizungukia. Kanuni za maadili ya waandishi zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya Kenya ya 2013 zinakataza kupokea pesa ili kuchapisha habari, hata kama mtoaji ataiita nauli. Ila chombo kinachomlipa mwandishi wa mashinani kwa kila habari iliyotumika, huku boda ya kutoka Bondo hadi Siaya akijilipia mwenyewe, kimeifungulia bahasha mlango na kuiwekea kiti.

Kanuni hizo zinataka pia kosa lisahihishwe haraka. Nawe lisahihishe mahali panapoonekana. Lililosomwa kwenye taarifa ya saa moja jioni lirekebishwe kwenye taarifa ya saa moja jioni, si saa tisa usiku wakati wanaosikiliza ni mabawabu. Mtandaoni usifute 18 ukaweka 10 kimyakimya. Waliopiga picha ya skrini yenye ile 18 wanaendelea kuisambaza kwenye WhatsApp. Andika juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza: "Tulisema waliofariki ni 18. Ni 10. Miili 7 tuliihesabu barabarani na tena Ahero, na majeruhi aliyefia Russia tukamhesabu mara mbili."