Miezi sita haipangwi na dalali

Kila kodi zinapopanda Dar es Salaam, hoja ni ileile: waondoeni madalali, nyumba zitashuka bei. Mimi ni dalali, kijiwe changu kipo Sinza, kwa hiyo anayenisoma anajua mapema nimekaa upande gani. Hata hivyo nitaomba tupige hesabu pamoja kabla hajanihukumu.

Chukua chumba masta, choo ndani, LUKU yake mwenyewe, laki moja kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani laki sita. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, laki moja. Weka na hela ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, tuseme elfu ishirini. Siku ya kuingia unatoa 720,000. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambaye tangu Julai 2025 mshahara wake ni 500,000 kabla ya makato, hawezi kuitoa hata akiamua kutokula mwezi mzima. Anakopa kwa shemeji, anaingia kwenye vikoba, halafu anatafuta wa kumlaumu. Mwenye nyumba hajaonana naye bado. Aliye mbele yake ni mimi, nimeshika funguo.

Sasa niondoe. Bila dalali kabisa, bado anatakiwa kuwa na 600,000 mkononi, na mshahara wote hautoshi. Halafu nirudishe mimi na laki yangu na elfu ishirini yangu, ila mwenye nyumba akubali kodi ya mwezi mmoja mmoja: anaingia kwa 220,000. Bila dalali laki sita, na dalali laki mbili na ishirini. Hesabu hii nimewafanyia watu wengi nyuma ya bodaboda, na karibu wote hunyamaza kidogo kisha wakasema, "Lakini na wewe umezidi." Sawa, nitalifikia.

Kwa nini miezi sita? Jibu la haraka ni tamaa. Wapo wenye tamaa. Ila wenye nyumba ninaofanya nao kazi wengi wao hawajawahi kuona mkopo wa nyumba. Nchi ina watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, na wenye mikopo ya nyumba benki ni maelfu machache tu. Nina mama mmoja Tabata, muuguzi mstaafu, ana vyumba vinne uani na cha tano kimeishia kwenye lenta. Kodi ya miezi sita ya chumba cha kwanza ndiyo iliyoezeka cha tatu. Anajua bei ya mfuko wa saruji wiki hii na wiki iliyopita. Ukimwambia apokee laki laki kila mwezi, hela inaishia sokoni na ada za wajukuu, na kile cha tano kinaota nyasi. Wapangaji wake ndio benki yake, na hawamtozi riba. Halafu kuna mpangaji asiyelipa: kumtoa kihalali ni kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko unaenda ukiwa umejiandaa kusubiri. Miezi sita mkononi inampa mama huyu usingizi.

Na ni hawa hawa waliobeba jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, wastani wa laki moja na kitu kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa, na mradi wake wa nyumba 5,000 uliopewa jina la Rais Samia, limezigawa nyumba hizo kwa nchi nzima. Waliobaki wamejengewa na muuguzi mstaafu, fundi gereji na mwalimu wa Mbagala aliyeongeza vyumba viwili nyuma ya jiko. Nyumba hizo hazina daftari wala mtaa wenye namba inayoeleweka. Anayejua kipi kitakuwa wazi mwisho wa mwezi ni dalali aliyekunywa chai na mama mwenye nyumba.

Anajua na mengine. Mwezi wa nne mwaka mmoja nilimpeleka dada mmoja kwenye nyumba nzuri ya bondeni. Vigae, jipsamu, kila kitu. Sebuleni rangi mpya ilikuwa imepakwa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, juu yake rangi ya zamani. Mwenye nyumba akasema watoto walikuwa wanachorachora. Watoto gani wanachora mstari ulionyooka kuta zote nne? Masika ilikuwa imeshapita humo ndani. Nilikosa laki mbili na nusu siku hiyo, na yule dada mpaka leo ananiletea wateja.

Haya, dhambi zetu. Kubwa ni cha juu: mwenye nyumba amesema laki mbili na nusu, dalali anamwambia mteja laki tatu na tofauti inaingia mfukoni. Hapo kweli dalali anapandisha kodi, na inabaki hivyo, maana mwenye nyumba akishagundua watu wanalipa laki tatu, hairudishi tena. Kuna picha za nyumba iliyopangishwa zamani zinazozungushwa mitandaoni ili mtu avutwe, alipe hela ya kuzungushwa, aambiwe "imechukuliwa jana". Kuna madalali watatu wanaotaka kugawana chumba kimoja. Na kuna lawama moja ambayo siwezi kuipangua: mimi napata hela watu wakihama. Mpangaji akikaa miaka mitatu, laki yangu moja imegawanyika kwenye kodi ya miezi 36, haifiki asilimia tatu. Akihama kila baada ya miezi sita inazidi asilimia 16, na dalali mwenye njaa anaweza kumnong'oneza mwenye nyumba kwamba bei ya mtaa imepanda.

Serikali inatukaripia mara kwa mara, ila sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano ya watu wawili. Julai 2025 lilitoka katazo la wageni kufanya biashara 15, udalali wa nyumba ukiwemo. Nililipokea vizuri. Lakini inashangaza kazi ikalindwa kwa ajili ya wazawa huku yeyote mwenye simu na pikipiki akiamka asubuhi na kuwa dalali. Tusajiliwe, kila mtu awe na namba inayojulikana ofisi ya serikali ya mtaa, na hela ya kuzungushwa itolewe risiti na ikatwe kwenye malipo ya mwisho. Wapo wenzangu watakaonuna.

Na laki yangu ilipwe na mwenye nyumba, kwa kuwa mtaji ni wake. Hili nimeshalijaribu. Sinza na Kijitonyama wananicheka: nikulipe wewe wakati watu wanagombania chumba? Goba na Madale, ambako apatimenti mpya zinakaa tupu mpaka vumbi linaingia kwenye masinki, wenye nyumba kadhaa wameanza kunilipa wao. Hao hao ndio waliokubali kushuka hadi kodi ya miezi mitatu.