Kilo Mbili za Ngano Kwenye Injini

Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ukitaka mtaa mzima ukujue kuna njia mbili: uoze binti, au upaki gari la dizeli linalovuja mbele ya mlango wako. Binti wa kuoza sina. Nina Benzi.

Benzi yenyewe ni 240D ya mwaka 1982, zile za toleo la W123 ambazo mlango ukiufunga jirani anajua umerudi. Injini yake, OM616, ni ya silinda nne, lita 2.4, na ilitoka kiwandani na farasi 72, ingawa kwa jinsi inavyopanda mlima nahisi nusu yao wameshastaafu. Niliuziwa na mjomba wangu, na aliniuzia kwa kiapo: "Mjomba, gari hili tangu nilinunue halijawahi kuguswa na fundi." Nikalichukulia neno hilo kuwa ni sifa.

Ilianza harufu. Petroli ikimwagika huruka, yakaisha. Dizeli haina safari. Ilikaa kwenye mazulia ya gari, ikakaa kwenye mkono wa kanzu yangu, na Ijumaa moja msikitini niligundua kuwa safu niliyosimama ina nafasi nyingi kuliko kawaida. Baada ya harufu likaja doa chini, upande wa pampu ya dizeli. Kisha gari likaanza kugoma asubuhi. Unapasha hita za injini, taa yake inazimika, unapiga starta, inazunguka weee, wanafunzi wanapita wanacheka, na likija kushika linatoa moshi mweupe wa kuficha nyumba ya jirani. Likishawaka, halina neno mchana kutwa. Lilaze, asubuhi ni yale yale.

Hapo baraza ya kahawa ikapata kazi. Mtu yeyote aliyewahi kudandia lori la dizeli akawa fundi. Mzee mmoja alisema tenki limetoboka. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, tenki liko nyuma, na doa liko mbele." Akanywa kahawa yake taratibu, akasema, "Ndiyo maana ni hatari."

Nikaita fundi wa gereji bubu ya mtaa wa pili. Alilala chini ya gari, akapapasa chini ya pampu, akatoka na kidole kimelowa. Akakinusa. Akakiangalia kwenye jua. Akasema, "Pampu hiyo. Inashushwa, inafumuliwa, inapelekwa Dar kupimwa." Akataja bei.

Bei ile ilinitoa kauli. Nikasema kwa sauti, "Kwa hela hiyo si bora nioe mke wa pili!"

Sasa, mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kutoka Pangani kwa shughuli ya ukoo, na wakati ule ule alikuwa ameketi dirishani anachambua mchele. Sikuona uso wake. Niliona tu ungo umesimama.

Kwa siku zilizofuata salamu zetu zilikuwa fupi. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi. Na mimi ndiye niliyeahidi kumrudisha Pangani kwa gari, kilomita 50 hivi, kwa gari lisilowaka bila kuombewa na linalonuka kama kibatari. Mke wangu akaniambia tafuta fundi anayejua, na tafuta leo.

Nikampata mzee mmoja wa Chumbageni. Kazi ya injini za dizeli aliianzia kwenye mashamba ya mkonge, na mikono yake ilikuwa na weusi ule usiotoka kwa sabuni. Huyu hakulala chini ya gari. Alifungua boneti, akasimama, akatazama juu.

"Walikwambia pampu?"

"Ndiyo mzee."

"Kwa sababu wameona linapodondokea. Maji ya bati lililotoboka nayo huanguka kwenye kitanda, hatusemi kitanda kinavuja."

Akanionyesha. Pampu inapeleka dizeli kwa kila nozeli, kile kifaa kinachopuliza mafuta, kupitia bomba la chuma, kwa msukumo wa zaidi ya bari 100. Sehemu kubwa inapulizwa ndani ya injini. Kiasi kidogo kinapenya pembeni mwa sindano ya nozeli, kinailainisha, na hicho hakiruhusiwi kubaki pale, lazima kirudi. Kinarudi kwa vimipira vyembamba, vilivyosukwa nyuzi kwa nje, vinavyoruka kutoka nozeli hii kwenda ile, kisha njia moja inakwenda kwenye mrija wa kurudi tenki. Ritani. Hakuna klipu hata moja. Mpira unashikilia kwa kubana tu. Na nozeli ya mwisho upande mmoja haina pa kuendelea, kwa hiyo chuchu yake inayobaki, kile kimrija cha kuchomekea mpira, huzibwa kwa kizibo kidogo cha mpira.

"Ritani haina nguvu ya kuruka," mzee akasema. "Inatoka jasho. Jasho linateremka ubavuni mwa injini, linapita nyuma ya pampu, linadondoka chini. Usiku pale linapotokea jasho panaingia upepo, dizeli inarudi tenki, na asubuhi unawasha gari lenye mabomba matupu."

Akabinya kimpira kimoja. Kilipasuka hapo hapo, nyuzi zikatokeza. Lakini mzee hakuridhika. Alitaka kujua kila panapovuja, asije akabadili kimoja akaitwa tena. Injini ilikuwa imelowa kote na kushika vumbi, huoni mwanzo wala mwisho. Tukaiosha kwa brashi na sabuni ya unga, tukaikausha vizuri.

"Sasa nataka poda," akasema. "Ya mtoto. Unapaka kiasi kwenye nozeli na ubavuni, unawasha gari. Panapovuja poda inabadilika rangi, unaona kwa macho yako."

Nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye haraka ya kusaidia. Kwetu hakuna mtoto mchanga, na poda haikuwapo. Shemeji hakurudi kuuliza. Alipekua jikoni, akakuta mfuko wa unga wa ngano, kilo mbili, alioununua mama mkwe kwa mkono wake kwa ajili ya maandazi ya Ijumaa. Kwa hesabu zake kijana, poda ni nyeupe na ngano ni nyeupe. Mimi na mzee tulikuwa tumeinama upande wa pili tunatafuta spana iliyoangukia kwenye fremu. Tulipoinuka, injini haikuonekana. Palikuwa na kichuguu cheupe, na shemeji anakung'uta mfuko.

Mzee akatazama. Akameza mate. "Nilisema kiasi," akasema.

"Mzee, nimeona vinozeli ni vingi."

Ni vinne.

Kabla hatujaamua la kufanya, shemeji yule yule akawa ameshaingia kwenye usukani, kwa sababu mzee alisema gari liwashwe na yeye hachelewi. Akapiga starta. Gari, kama kawaida yake, likazunguka bila kushika. Akapiga tena, mguu ameukandamiza mpaka sakafuni. Likazunguka. Mlio ule ukamtoa mama mkwe ndani. Alikuja na miwani yake na kanga mabegani, akauliza kwa sauti ya pole, sauti ya kwanza ndefu tangu siku ile ya ungo: "Limekufa, baba?" Akasogea. Akaona weupe. Akainama kuutazama vizuri, maana weupe ule aliufahamu.

Hapa inabidi nieleze mambo mawili ya Benzi hii. La kwanza, feni yake iko mbele ya injini, inavuta upepo kupitia rejeta na kuusukuma nyuma. La pili, boneti ya W123 ukiachia vishikio vya bawaba inasimama wima kabisa, digrii 90, ikawa ukuta. Kwa hiyo chochote kinachopeperushwa na feni kinapiga ukuta ule na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni pembeni. Pembeni ndipo aliposimama mama.

Gari likashika.

Halikushika pole pole. Lilishika na mguu wa shemeji ukiwa chini kabisa, likanguruma, na kilo mbili za ngano zikaondoka mahali pake kwa pamoja. Kwa muda sikuona Benzi, sikuona mzee, sikuona mtaa. Nilisikia mtu wa baraza anasema "Subhanallah." Nikasikia shemeji anashangilia ndani ya gari, "Limewaka! Limewaka!" Mtoto aliyetumwa chumvi alipiga ukelele na kurudi alikotoka bila chumvi.

Wingu lilipotua, mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, mweupe kuanzia kanga hadi ndara. Miwani imeziba. Hakukohoa, hakupiga kelele. Alivua miwani taratibu, na duara mbili za uso wake zikaonekana, zikanitazama.

"Baba," akasema, "kama unataka mke wa pili, sema. Usinivike sanda ningali hai."

Mimi na mkwe wangu hatutaniani, sijawahi hata kula naye sinia moja, sasa namfuta unga? Kwa mkono gani? Nilisimama na kitambaa chenye grisi, nikakiangalia, nikakirudisha mfukoni. Mke wangu ndiye aliyekuja mbio akamchukua mama yake ndani, na alipopita karibu yangu hakusema neno, akaniangalia tu yale macho ya mambo ya baadaye.

Mtu mmoja tu hakusogea wala kucheka. Mzee wa Chumbageni alikuwa ameinamia injini inayounguruma, nyusi nyeupe, tochi mkononi.

"Asiguse mtu," akasema. "Njoo uone."

Feni ilikuwa imepuliza ngano yote iliyokuwa kavu. Iliyobaki ni ile iliyolowa, na imebaki pale hasa panapovuja. Kwenye viungo vya vimipira vitatu palikuwa na pete za unga wa rangi ya kijivu. Kutoka hapo, mfereji mwembamba wa unga ulioshikana uliteremka ubavuni hadi nyuma ya pampu. Mwili wa pampu wenyewe mkavu, safi, hauna kosa. Na mwisho kabisa, kwenye chuchu ya nozeli ya mwisho, palikaa donge lililokandika vizuri, bado chumvi na hamira.

Mzee akazima gari, akakwangua donge kwa bisibisi. Ndani hapakuwa na kizibo cha mpira. Palikuwa na kipande cha mpira wa zamani, na kilichochomekwa kwenye tundu lake kuuziba ni kijiti. Akakichomoa kwa koleo, akakinusa.

"Mswaki," akasema. "Mswaki wa mti."

Na ncha yake moja ilikuwa imetafunwa.

Matengenezo hayakufika hata gharama ya chakula cha wageni. Mpira wa ritani unauzwa kwa mita, ule uliosukwa nyuzi; mwenye duka alitaka kutupa ule mlaini wa maji ya kuoshea kioo na mzee akamrudishia, maana dizeli huuvimbisha ukalegea. Vimipira vya zamani hakuving'oa kwa kuvuta, akihofia chuchu za nozeli kukatika. Alivipasua kwa wembe kwa urefu, vikatoka vyenyewe. Akakata vipya, akavisukuma mpaka mwisho, akaweka kizibo cha haki. Kisha akafungua kichwa cha kipampu cha mkono kilicho ubavuni mwa pampu, akapiga kutoa upepo mpaka kikawa kizito mkononi, akakifunga barabara, kwa sababu nacho kikiachwa kimelegea huvuja na kusingizia wenzake. Benzi ikawaka kwa mguso mmoja. Injini ilipopata moto, ngano iliyojificha kwenye pembe nisizozifikia ikaanza kuiva, na watoto wawili wakaja na shilingi mia mbili wakauliza maandazi yako wapi.

Mjomba alifika baada ya Magharibi. Habari zilishamfikia, Tanga si mji wa siri. Tukamkaribisha kahawa. Maandazi, unajua yalikokwenda. Mama mkwe, ameshaoga na kubadili kanga, alikaa upande wake wa baraza. Nikaweka kile kijiti kwenye kisahani mbele ya mjomba.

Akakitazama. Akatoa mswaki uliokuwa kinywani mwake, akaviangalia vyote viwili, na kwa mtu mwenye aibu hapo mazungumzo yangekwisha.

"Aa," akasema. "Huu niliuweka Segera, usiku, kizibo kilipochomoka. Basi si ndiyo! Nilikwambia halijaguswa na fundi. Fundi gani? Niliuweka mwenyewe." Akanyoosha kidole kwangu. "Na haukuvuja hata tone miaka yote mpaka wewe ulipolichukua. Umetembelea mswaki wangu bure, hata asante sijapewa."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali. Kijana yule anakubali kila kitu.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mkwe," akamwambia mjomba, kwa upole wa Pangani, "kesho mimi napanda gari hilo. Naomba unijibu jambo moja. Na breki umezifungia nini?"

Mjomba akafikiri. Akafikiri zaidi ya nilivyopenda. Kisha akainuka, akakung'uta kanzu, akasema anawahi Isha, na Isha ilikuwa bado.

Asubuhi, kabla ya chai, mimi na mzee wa Chumbageni tulifungua magurudumu yote manne.