Viluwiluwi Wachache Wanatosha

Mtu akishaanza kufuga vyura, haichukui muda kabla hajauliza afanye nini ili watage. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Dume na jike waliokomaa, wenye afya na walioshiba, wakipitishwa kipindi cha ubaridi au ukame kisha wakanyeshewa maji ya pampu usiku kucha, aina nyingi zitapandana zenyewe. Kazi imo katika swali jingine, ambalo watu hulikwepa: mayai yakishapatikana, utalea mangapi?

Jike wa Bufo bufo, chura wa kawaida wa Ulaya, hutaga maelfu kadhaa ya mayai kwa mkupuo mmoja. Chura wa miwa, Rhinella marina, hupita 8,000 bila shida. Dume humkumbatia jike kwa nyuma, chini ya makwapa, na vidole vyake vya mbele huota ngozi nyeusi yenye kukwaruza inayomsaidia asiteleze. Mayai hutoka katika nyuzi ndefu za ute, punje nyeusi zimejipanga ndani, nazo nyuzi huzungushwa kwenye mimea ya majini huku dume akiyarutubisha kadiri yanavyotoka. Porini, sehemu kubwa ya mayai hayo huliwa, au hukauka pamoja na dimbwi, na wanaofikia utu uzima ni wachache mno. Wingi ule umewekwa kwa ajili ya hasara. Ndani ya tangi lako hakuna samaki wala kereng'ende wa kuwapunguza, kwa hiyo mzigo wote ni wako.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uamuzi ufanywe siku ileile mayai yanapoonekana. Kata kipande kifupi cha uzi, chenye mayai hamsini hivi, ukilee. Yaliyobaki yagandishe kwenye friza kabla kiinitete hakijapata umbo. Wapo wanaonung'unika nikisema hivyo, na nawaelewa, maana huwezi kupenda viumbe hawa ukafurahia kutupa mayai yao. Lakini yai la siku moja halijui lolote. Kiluwiluwi wa wiki tano anayekufa kwa maji machafu, au chura mchanga anayekonda kwa kukosa wadudu, huyo anaumia. Huruma inayokuja wiki ya tano imechelewa.

Ukilea wachache, kipindi cha majini ni raha tupu. Siku za mwanzo baada ya kuanguliwa hawali. Wananing'inia kwenye mabaki ya ute na kwenye kioo wakimaliza kiini walichobaki nacho tumboni, na mgeni wa mambo haya hudhani wanakufa. Waache. Wakishaanza kuogelea kwa makundi wape mwani, mchicha au saladi iliyochemshwa ikalainika, na chakula cha samaki kidogo baadaye. Kiluwiluwi akipanda kwenye kioo mgeukie kwa chini umtazame: midomo yake midogo inakwangua bila kukoma, na kwenye ngozi nyembamba ya tumbo unaona utumbo mrefu umejiviringa kama kamba iliyokunjwa vizuri. Utumbo huo ni wa mla majani. Utafupishwa karibu wote kabla hajatoka majini, kwa sababu nchi kavu atakuwa mla nyama.

Maji ndiyo huwaua wengi. Maji ya bomba yenye klorini yakiachwa wazi siku nzima huwa salama, lakini yenye kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, hayasafiki kwa kungoja. Yanahitaji dawa ya kuondoa kloramini, ile wanayotumia wafuga samaki. Chakula kilichobaki kikioza, amonia hupanda, nao wanaivuta kupitia ngozi na matamvua. Toa mabaki kila siku na ubadilishe sehemu ya maji mara kwa mara. Tangi lililosongamana hukushinda hapa kwanza, na hata wanaonusurika hudumaa.

Nawasihi pia msiwaharakishe kwa kupasha maji joto. Mwaka 1912 mwanasayansi J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, wakageuka vyura mapema sana, lakini wakawa vijitu vidogo kupita kiasi. Homoni ya tezi hiyo ndiyo inayoendesha mageuzi yote, na joto nalo huyasukuma. Chura aliyetoka majini akiwa mdogo mno huanza maisha na deni: kinywa chake hakiwezi kumeza wadudu wengi unaoweza kumpatia.

Kisha inakuja wiki ambayo kwangu ndiyo kipimo cha mfugaji. Miguu ya nyuma huchomoza taratibu, kila mtu anaifurahia. Mikono ya mbele hukua imefichwa chini ya ngozi, unaona kivimbe cha kiwiko kikisukuma ubavuni, halafu asubuhi moja mkono umetoka, mara nyingi mmoja ukimtangulia mwenzake. Tangu hapo usimpe chakula. Kinywa kinajengwa upya, utumbo unafupishwa, na mwili unaishi kwa kuumeza mkia wake wenyewe kutoka ndani. Matamvua yanakufa, mapafu yanashika kazi. Ukimwacha katika maji yenye kina, kuta za kioo pande zote, atazama: chura anayezama majini ni jambo linaloshangaza wengi, lakini hutokea. Shusha maji yabaki ya kina cha vidole viwili, inamisha tangi, weka mwinuko wa mawe na majani mabichi upande mmoja.

Hapo ndipo pia hujitokeza ugonjwa wa mikono myembamba. Mikono inatoka dhaifu, mnyama hawezi kujiinua, na hakuna la kumfanyia. Huhusishwa na lishe na hali ya maji, yaani na wiki zote ulizoona kila kitu kinakwenda sawa.

Waliovuka wana urefu wa sentimita moja tu. Wanataka wadudu wadogo kuliko punje ya ufuta, tena kila siku: nzi wa matunda wasioruka, vidukari, watoto wa nyenje waliototolewa leo, wakinyunyiziwa unga wa kalsiamu na vitamini D3. Mtazame mmoja anapoona windo. Anasimama, anainamisha kichwa, kidole kirefu cha mguu wa nyuma kinaanza kutetemeka, ulimi unatoka na kurudi kabla jicho lako halijafuata. Nikiwa na hao ishirini naweza kumwona kila mmoja akila. Wakiwa mia tano, sijui nani hajala mpaka nimkute amekufa.

Watu wakizidiwa, wazo la kwanza ni kwenda kuwamwaga mtoni. Tafadhali msifanye hivyo, hata kama aina hiyo ipo mtoni tayari. Kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999, imechangia kupungua kwa mamia ya aina za vyura na jamaa zao, na kiluwiluwi anaweza kuibeba mdomoni akionekana mzima. Chura wa miwa waliopelekwa Australia mwaka 1935 kula wadudu wa mashamba bado wanasambaa hadi leo.

Wengine hunijibu kwamba wanasaidia uhifadhi. Basi tutazame chura wa bonde la Kihansi, Tanzania, ambaye hapiti hata hatua ya kiluwiluwi majini kwani jike huzaa watoto walio hai. Maji ya maporomoko yake yalipopunguzwa na bwawa la umeme, mwaka 2000 takriban 500 walipelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama nchini Marekani. Huko, mikononi mwa wataalamu, walipungua hadi makumi machache kabla hawajaongezeka tena. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa bondeni. Kazi hiyo ilihitaji upimaji wa magonjwa na taasisi za nchi mbili. Tangi la sebuleni halifanyi hivyo, na halihitaji kujidai hivyo ili liwe na thamani.

Ukitaka kugawa vyura wako, mgawie mtu aliyeshafuga, na umpe wale ambao tayari wanakamata nyenje wa kawaida. Mweleze kwamba chura anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, kwamba ute wa tezi za nyuma ya macho una sumu, na kwamba mikono ioshwe kila baada ya kumshika. Kama hujampata mtu wa namna hiyo, watenge dume na jike msimu ujao.