Taarifa Rasmi Kuhusu Mimi na Lile Daraja la Durham

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuirusha ile video ya ajali yangu ya lori katika kundi letu la Watanzania wa huku North Carolina, na kwa kuwa tangu Jumamosi jioni nimepokea picha za dagaa wa kopo ambazo sikuziomba, naona ni haki yangu kulieleza jambo hili kwa kinywa changu kabla halijafika Tabora likiwa limeota mkia. Katika maelezo yake ameandika kwamba nilikuwa naimba, na kwamba lori lilipogonga nilimwita mama. Sikuwa naimba; nilikuwa napiga hesabu. Wala sikumwita mama. Nilimwita bibi, ambaye ni marehemu, na wanaojua mila watakubaliana nami kwamba hilo ni zito zaidi.

Daraja lenyewe wengi wenu mnalifahamu hata kama hamjawahi kukanyaga Marekani. Ni daraja la reli linalovuka mtaa wa Gregson mjini Durham, lililojengwa mwaka 1940, enzi ambazo malori hayakuwa na kimo cha leo. Kwa miaka mingi nafasi ya kupita chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani mita tatu na nusu na kidogo, na wenyeji wakalipa jina la Kifungua Kopo. Mwaka 2008 bwana mmoja aitwaye Jürgen Henn, ambaye alikuwa akifanya kazi jirani, aliweka kamera ya kulitazama, na hadi sasa kamera zake zimenasa zaidi ya malori 150 yakivuliwa paa. Nakiri mbele yenu kwamba video hizo nilizitazama kwa miaka, nikiwa bado nyumbani, nimeketi na utingo wangu kwenye kivuli cha lori, sote tukigaragara kwa kicheko. Utingo wangu alikuwa na swali moja tu ambalo alilirudia kila video ilipokwisha: "Hivi hawa juu hawaweki mtu?"

Sasa mtauliza, kama nilikuwa nalijua, imekuwaje nisilitambue. Ndugu zangu, daraja lile nilikuwa nikilijua kwa jicho la kamera, kutoka pembeni, mahali pa mtu anayecheka. Kutoka kwenye usukani ni daraja kama madaraja mengine.

Lazima pia mjue mimi ni nani, maana rafiki yangu ameandika "dereva wa kujifunzia" na neno hilo limeniuma kuliko bili. Nimeendesha Fuso la tajiri wangu kwa miaka tisa, nikibeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo hadi viwandani Morogoro. Mlima Sekenke nimeuteremka usiku, mvua inanyesha, breki zinanuka. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kimo cha gari langu. Niliulizwa uzito. Pale mizani ya Nala wanakuuliza uzito, askari barabarani anakuuliza uzito, tajiri kwenye simu anakuuliza uzito umepitaje. Suala la kimo lilikuwa chini ya utingo, ambaye alilala juu ya marobota akiwa na mti wa kunyanyulia nyaya za umeme. Akigonga bodi mara mbili, nasimama. Akigonga mara moja, twende. Naomba mlishike jambo hilo la kugonga mara moja, kwa sababu tutalirudia.

Jumamosi tulikuwa tunamhamisha rafiki yangu huyo huyo mwenye kidomo. Tulikwenda kukodi lori kwenye kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Kijana wa kaunta aliitazama leseni yangu, leseni ile ile ninayoendeshea Corolla, akanikabidhi funguo za gari kubwa lenye bodi lililofungwa kama kontena. Kwa sheria za huku, mradi lori halizidi ratili 26,000 pamoja na mzigo wake, leseni ya kawaida inatosha. Akaniambia pia kwamba bodi lina futi 26. Hiyo futi 26, ninyi mnaonifuata, ni urefu wa kwenda nyuma. Kwa hiyo niliondoka pale nikiwa na namba 26 mara mbili kichwani, moja ya uzito na moja ya urefu, na namba iliyotakiwa, ya kimo, ambayo ni 13, ilikuwa imeandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa mbele ya kiti cha abiria. Kibandiko hicho sikukiona kwa sababu kilifunikwa na mfuko wa maandazi ya shemeji, na mfuko huo uliwekwa pale na mtu ambaye leo anajifanya shirika la habari. Hilo katika maelezo yake hamlioni.

Tukapakia. Makochi, friji, kabati la vyombo, na godoro la mgeni ambalo shemeji alisisitiza liwekwe juu kabisa ya vitu vyote ili lisikunjike. Simu ikatupangia njia kana kwamba tumo ndani ya Corolla, ikatushusha mtaa wa Gregson kuelekea barabara kuu. Mabango ya njano yalianza mapema. Naomba ieleweke kwamba mabango niliyaona yote, na yule anayedhani madereva wanaogonga madaraja hawasomi, anatuonea. Niliyasoma. Yaliandikwa futi 12 na inchi 4, na mimi, mtoto wa mita na sentimita, nikaanza kuzibadilisha kwa sauti, futi moja ni sentimita 30 na kitu, mara kumi na mbili, ongeza inchi. Hapo ndipo rafiki yangu alipodhani naimba. Nilipata mita tatu na sentimita sabini na kitu, jibu ambalo hata leo nalisimamia kuwa ni sahihi. Kilichopungua ni kitu cha kulinganisha nalo. Nilikuwa nimekipima kimo cha daraja kwa usahihi wa kupongezwa, na lori langu nikalipa kimo cha kukisia, na kisio lenyewe, Mungu anisamehe, lilikuwa la Corolla.

Tukafika kwenye taa za makutano ya Peabody, hatua chache kabla ya reli. Sikilizeni sasa, kwa sababu hapa ndipo sina wa kumlaumu.

Taa ikawa nyekundu. Haikuwa nyekundu kwa bahati. Tangu mwaka 2016 kuna mtambo unaopima kimo cha magari yanayoteremka mtaa ule, na gari refu likipita mbele yake, taa inashikiliwa iwe nyekundu na bango moja jeusi kando ya daraja linawaka maandishi ya kuamuru kwamba gari lililozidi kimo ligeuke. Kushoto kuna njia. Kulia kuna njia. Nilisimama pale karibu dakika nzima nikilitazama bango hilo likiwaka na kuzimika mbele ya uso wangu, hakuna gari mbele yangu, hakuna mti uliolikinga, jua zuri la asubuhi. Nililisoma. Nikalisoma tena. Kisha, naandika haya nikiwa nimefunika uso kwa mkono mmoja, niligeuza shingo na kuangalia kwenye kioo cha pembeni ili nimwone huyo mwenye gari refu anayeambiwa ageuke.

Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja ndani ya gari dogo jekundu. Nilimwonea huruma, nikasema labda mtambo umeharibika.

Mama yule alipiga honi. Nikadhani ana haraka. Akapiga tena, akatoa mkono dirishani na kuonyesha juu, nami nikampungia kwa adabu, kama tunavyopungiana watu wa barabarani. Taa ikawa ya kijani. Sasa mtu aliyefundishwa udereva vizuri, taa ya kijani ikiwaka, anafanya nini? Niliondoka.

Nilikwenda taratibu, gia ya kwanza, na hilo naomba liandikwe. Kivuli cha daraja kikapanda kwenye boneti, kikapanda kwenye kioo, kikaingia ndani mpaka mapajani mwangu. Kichwa cha lori kikapita salama, nikapumua. Hapo ndipo juu yangu, nyuma kidogo ya kisogo, nikasikia *ngo!*

Mara moja.

Miaka tisa, ndugu zangu. Miaka tisa mguu huu wa kulia umefundishwa kwamba bodi likigongwa mara moja maana yake ni twende. Akili ilikuwa bado inauliza hicho ni nini. Mguu ulikwisha kutii. Nilikanyaga mafuta.

Mbele ya daraja lile kuna boriti nene la chuma lililowekwa mahususi ili malori yaligonge lenyewe, reli isiguswe, na boriti hilo halina haraka na mtu. Lilishika ukingo wa juu wa bodi na kuanza kulikunja paa kama mkeka unaokunjwa baada ya hitma, polepole, kwa mlio mrefu wa bati ambao niliusikia kwenye meno. Mwanga ukaingia nyuma yetu mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Katika kioo nililiona godoro la mgeni likiinuka, likasimama wima, likakaa hivyo kwa muda kama mtu anayetafuta njia, kisha likaangukia nyuma juu ya kabati la vyombo. Nilisikia sahani. Nikasikia tena sahani. Kukawa na kimya, na ndani ya kimya hicho sahani moja ya mwisho, ambayo nadhani ilikuwa imejaribu kuvumilia. Hapo ndipo nilipomwita bibi.

Maandazi hayakudhurika hata moja. Mfuko uliteleza tu kutoka mahali pake, ukaanguka miguuni mwa rafiki yangu, na kibandiko kikaonekana wazi, maandishi makubwa, futi 13. Tulikitazama wote wawili. Yeye ndiye aliyeanza kutoa simu.

Kwenye mgahawa wa jirani watu walitoka nje wakiwa na vikombe mkononi, na nasikitika kusema kwamba walipiga makofi. Mzee mmoja alikuja kunipa pole, akakaa nami ukingoni mwa barabara tukimsubiri polisi, akanieleza yale ambayo baadhi yenu mnaniuliza tangu juzi, kwamba kwa nini wasiliinue au wasiichimbe barabara. Barabara haichimbiki kwa sababu chini yake, si mbali, limepita bomba kubwa la majitaka. Kuliinua, wameliinua: mwezi wa kumi mwaka 2019 walilipandisha inchi 8, likafika futi 12 na inchi 4, na zaidi ya hapo reli yote ingelazimika kupandishwa pamoja na mahali inapokatana na mitaa mingine ya jirani. Haikupita hata miezi miwili tangu kazi ile iishe, lori jingine likaligonga. Nikamwuliza mzee, kwa hiyo mimi nilikosa kiasi gani? Akahesabu kwa vidole. Inchi 8. Wangeliinua mara mbili, leo mngekuwa mnamcheka mtu mwingine. Tukiwa katika mazungumzo hayo treni ikapita juu yetu bila kupunguza mwendo, na nikatambua kwamba kwa upande wa daraja hakuna lililotokea.

Polisi alikuja, akaniuliza kama niliona bango, nikasema niliona, akaandika. Lori tulilirudisha nyuma, likatoka. Kampuni ilinisomea bima niliyoilipia, ambamo imeandikwa kwamba haihusu madhara yatokanayo na kugonga kitu kilicho juu, nikasaini. Vitu vilivyobaki vilihamishwa kwa pikapu ya jirani, safari nne. Shemeji hajaniambia neno. Kila nikienda ananipa chai kwenye kikombe cha plastiki.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Jana usiku, hata hivyo, simu ililia, namba ya nyumbani, na kabla sijasema hodi nilimtambua utingo wangu kwa namna anavyovuta pumzi. Video imemfikia. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeulizia marehemu aliugua nini:

"Suka, juu alikuwepo nani?"

Nikamwambia hapakuwa na mtu.

Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akauliza nauli ya ndege kutoka Dar hadi huku ni shilingi ngapi.