Antivairasi Ndani ya Kompyuta Kuukuu: Inalinda Mlango Gani?

Ingia duka lolote la steshenari karibu na chuo au ofisi za wilaya, iwe Mwanza au Nakuru, na mashine utakayoikuta ni ileile: desktopu ya mtumba, Dell OptiPlex au HP Compaq, prosesa ya Core 2 Duo au Core i3 za mwanzo, RAM ya GB 2 au 4, diski ya kuzunguka, na Windows 7 au 10 iliyopigwa na fundi wa mtaani. Kutwa nzima inachomekwa fleshi za wateja: CV, vyeti, barua za maombi, kazi za chuo. Mwenye duka anajua fleshi hizo zina virusi. Anajua pia kwamba jirani yake aliweka antivairasi, na tangu siku hiyo kufungua Word ni kazi ya kusubiri chai ipoe. Je, naye aweke au aache?

Wanaosema "usiweke" hawasemi kwa uvivu. Antivairasi yenye ulinzi wa papo hapo inakaa katikati ya Windows na diski. Kila faili linapofunguliwa, linasimamishwa kwanza, linasomwa, linalinganishwa na orodha ya virusi vinavyojulikana, ndipo linaruhusiwa kupita. Kufungua programu moja tu huamsha mamia ya vifaili vidogo, na kila kimoja kinapitia geti hilo. Juu yake kuna kumbukumbu (RAM): Defender, antivairasi inayokuja ndani ya Windows 10, peke yake huchukua kwa kawaida MB 150 hadi 250, na vifurushi vikubwa vya kampuni nyingine, vyenye VPN (njia ya siri ya kupitishia intaneti), "usafishaji" na matangazo ya kukuuzia toleo la kulipia, huchukua zaidi. Kwenye RAM ya GB 2, ambayo Windows 10 na kivinjari vimeshaimaliza, mashine inaanza kutumia diski kama kumbukumbu. Hapo ndipo inapoganda.

Ila wengi wanamshutumu asiyehusika. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc wakati mashine imekwama. Kwenye Windows 10, mara nyingi utaona safu ya CPU iko chini ya asilimia 30 huku safu ya Disk ikiwa 100. Kisichotosha ni diski. Diski ya laptopu ya mizunguko 5,400 kwa dakika haiwezi kurukia vifaili vilivyotawanyika zaidi ya mara 100 hivi kwa sekunde, kwa sababu kichwa chake lazima kisafiri. SSD ya kawaida ya SATA, yaani diski isiyozunguka inayounganishwa kwa kebo nyembamba, inafanya hivyo maelfu ya mara. Kwa hiyo mashine ileile, yenye antivairasi ileile, ikibadilishiwa diski na kupewa SSD ya GB 120 au 240, mabishano ya "inafanya nzito" yanapungua sana. Hata ubao wa Core 2 Duo wenye SATA ya kizazi cha pili unafaidika. Unaoshindwa ni ule wa zamani zaidi wenye kebo pana ya IDE. Mwenye pesa ya kununua leseni ya antivairasi ya mwaka mmoja kwa mashine ya namna hii, kwa maoni yangu, aiweke hiyo pesa kwenye SSD kwanza na atumie kinga ya bure.

Hoja ya pili ya wanaokataa ina uzito kuliko ya kwanza: antivairasi haizibi mashimo ya Windows yenyewe. Mfano mzuri ni WannaCry (kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia), iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017. Ilipita kwenye tundu la huduma ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, tundu ambalo Microsoft walikuwa wamelitolea kiraka (sasisho la kuliziba) Machi mwaka huohuo. Mashine nyingi zilizodhurika zilikuwa za Windows 7 zisizokuwa na kiraka hicho. Hakuna aliyebofya kitu, hakuna aliyechomeka fleshi. Kompyuta moja iliigonga nyingine kupitia waya. Msaada wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, wa 8.1 Januari 2023, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa watu binafsi waliojiandikisha kupata viraka vya ziada hadi Oktoba 2026. Kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, na antivairasi iliyosimama ndani haiwezi kulifunga. Huenda ikamkamata mgeni akishaingia, na huenda isimkamate.

Kwa nini basi tuweke? Kwa sababu virusi vinavyozunguka kwenye maduka yetu, kwa sehemu kubwa, si vya kutisha namna hiyo. Ni vya fleshi, ni vya zamani, na vimo kwenye orodha ya kila antivairasi kwa miaka mingi. Hapa ndipo zana hii inapofanya kazi yake vizuri kuliko popote.

Chukua kile kirusi cha shotikati ambacho kila mwanafunzi anakifahamu. Fleshi inafunguliwa, folda zote zimegeuka shotikati, na ukubwa wake ni KB moja au mbili. Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha kwa kuyapa alama za "hidden" na "system", kisha kimeweka shotikati yenye jina na picha ya folda yako. Ukiibofya, inaita kwanza hati ya .vbs (faili la amri za kirusi) iliyofichwa ndani ya fleshi, halafu inakufungulia folda ya kweli ili usishtuke. Tangu hapo kila fleshi itakayochomekwa kwenye mashine hiyo inapakwa. Zamani ilikuwa rahisi zaidi: kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilitumia, pamoja na njia nyingine, faili la autorun.inf, na kuifungua fleshi tu kulitosha. Windows 7 haikubali tena fleshi ijiendeshe yenyewe, na XP ililetewa zuio hilo kwa sasisho la mwaka 2011. Ndiyo maana virusi vikahamia kumdanganya mtu abofye shotikati. Antivairasi ya kawaida, hata isiyo na jina kubwa, huikamata hati ile ya .vbs kabla haijaanza. Mashine ikishakuwa safi, mafaili ya mteja yanarudishwa kwa kufungua cmd (dirisha la amri) na kuandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ambapo F ni herufi ya fleshi. Ukitanguliza amri kabla ya kusafisha mashine, dakika mbili baadaye folda zimefichwa tena, na fundi anaonekana hajui kazi.

Kwa hiyo jibu linategemea Windows iliyomo na mlango unaotumika zaidi.

Kwenye Windows 10, sioni sababu ya kuweka cha nje. Defender imo ndani, na Microsoft wamesema orodha yake ya virusi kwa Windows 10 itaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028, ingawa viraka vya mfumo ni habari nyingine. Kinachohitajika ni kuitengeneza iendane na mashine dhaifu. Fungua PowerShell (dirisha jingine la amri) kama msimamizi, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, na ukaguzi uliopangwa utalenga asilimia 20 ya prosesa badala ya 50 ya kawaida. Kisha nenda Task Scheduler, Microsoft, Windows, Windows Defender, uupe ukaguzi saa ambayo hakuna mteja. Mtu wa kaunta azoeshwe kubofya fleshi kwa kitufe cha kulia na kuchagua ukaguzi kabla ya kuifungua, maana hata ukaguzi kamili wa Defender, ukiacha mipangilio ilivyo, unaziruka fleshi. Na kama intaneti ni ya bando la simu na umeitia alama ya "metered" (ya kupimiwa matumizi), hakikisha orodha ya virusi bado inashuka. Isiposhuka, Microsoft wanalo faili la sasisho, mpam-fe.exe, lenye zaidi ya MB 100, unaloweza kulishusha penye Wi-Fi ukalipeleka kwa fleshi. Chagua la biti 64 au 32 kulingana na Windows yako.

Windows 7 ndiyo yenye kazi. Defender iliyokuja nayo ilikuwa ya programu za kipelelezi tu, na Microsoft Security Essentials iliyoziba pengo hilo haitolewi tena. Lazima kitu cha nje, na mara nyingi kinagoma kuingia. Sababu zinajirudia. Ya kwanza ni Service Pack 1, furushi la masasisho ya Windows 7, kukosekana. Ya pili ni saini: programu za sasa zimetiwa saini ya kidijitali ya aina mpya, SHA-2, na Windows 7 isiyosasishwa haiijui, hivyo inaziona kama bandia au madereva yake (programu zake zinazokaa ndani kabisa ya Windows) yanakataa kuwaka. Dawa ni viraka KB4490628 na KB4474419, kisha kuwasha upya. Ya tatu ni kile kisakinishi kidogo cha MB chache kinachovuta kilichobaki mtandaoni. Kwenye mashine yenye vyeti vya usalama (vya kuthibitisha kwamba tovuti ni halisi) vilivyopitwa na wakati kinafika katikati na kufa, kwa hiyo tafuta kisakinishi kamili cha nje ya mtandao.

Ya nne inawapotezea mafundi siku nzima, nayo ni betri ya saa kwenye ubao. Ikifa, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Vyeti vyote vya tovuti vinaonekana batili, sasisho halishuki, leseni inasema haijaanza. Watu wanabadilisha antivairasi tatu kumbe kinachotakiwa ni betri ya CR2032, na kupanga tarehe upya.

Kabla ya kuweka mpya, toa ya zamani kabisa. Walinzi wawili wa papo hapo kwenye mashine moja wanashikiana mafaili: huyu anafungua kukagua, yule anaona faili limefunguliwa naye anataka kukagua, na mashine inasimama. Kuondoa kwa Control Panel mara nyingi huacha madereva nyuma. Avast, ESET na Norton kila moja ina zana yake ya kung'oa mabaki. Ya Avast itumie ukiwa Safe Mode, yaani Windows imewashwa na vitu vya lazima tu. Acha nafasi ya GB 5 kwenye C. Wakati wa kuweka, usibofye "Install" kubwa: tafuta uchaguzi wa vipengele, bakiza ulinzi wa mafaili na wa wavuti, ondoa kivinjari chao, VPN na "kuongeza kasi". Laptopu yenye betri iliyokufa iunge kwenye UPS, kwani umeme ukikatika dereva likiwa nusu, Windows inaweza isiwake. Ukimaliza, jaribu kwa faili la EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara ambao antivairasi zote zimekubaliana kuupigia kelele. Kama haukupigiwa kelele, ulinzi haujawaka, hata kama ikoni ni ya kijani.

Neno "bure" nalo lichunguzwe. Avast iliifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot mwaka 2020 baada ya kubainika kwamba iliuza kumbukumbu za tovuti wanazotembelea watumiaji, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5. Kwa kompyuta inayoingizwa namba za vitambulisho vya wateja wanaoomba mikopo na ajira, hilo si jambo dogo.

Wapo wanaotafuta "nyepesi" na kuangukia ClamWin, antivairasi ya bure. Haina ulinzi wa papo hapo, kwa hiyo haipunguzi kasi ya kazi za kila siku, lakini injini yake ya ClamAV inapakia orodha nzima kwenye kumbukumbu, zaidi ya GB 1. Kwenye RAM ya GB 2, kila ukaguzi ni mateso. Afadhali Microsoft Safety Scanner: unaishusha, inakagua, haibaki ndani. Kasoro yake ni kwamba inakwisha muda siku 10 baada ya kushushwa, hivyo nakala ya mwezi jana haikusaidii.

Sijagusa bado kinachoziua antivairasi nyingi mitaani, nacho si uzito. Ni "activator". Windows iliyopigwa bila leseni na Office ya kraki huja na zana hiyo ya kuziwezesha bila leseni, ambayo antivairasi huikamata, kwa haki au kwa tahadhari, na fundi anaizima kinga ili zana ipite, au anaiwekea msamaha folda nzima ya C. Anasahau kurudisha. Kwenye Windows 10 angalia orodha ya "Exclusions" (vilivyosamehewa ukaguzi); ukikuta C:\ imeandikwa humo, mashine haijalindwa hata siku moja tangu msamaha huo uwekwe.

Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaowekwa badala ya Windows, ni njia ya kweli kwa mwenye RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64: virusi vya shotikati haviendi popote humo. Duka linalotegemea mpangilio wa Word usihame hata mstari litalalamika, na lina haki.

Inabaki mashine ya XP au ya RAM ya GB 1. Hiyo usiihangaikie na antivairasi. Chomoa waya wa mtandao, iache ichape na kuprinti, na mafaili yafikie hapo baada ya kukaguliwa kwenye mashine nyingine. Fundi anayeihudumia asije na fleshi ya kawaida inayotoka duka hadi duka, maana mara nyingi ndiyo inayoeneza. Abebe zana zake kwenye kadi ya SD yenye kifungo cha pembeni cha kuzuia uandishi, ndani ya kisomaji cha USB. Lakini kifungo hicho kinategemea kisomaji kukiheshimu: afunge, ajaribu kunakili faili kwenda kwenye kadi, na likikubali kuingia, kisomaji hicho hakifai kwa kazi hii.