Pua ya Matilda

Basi ngojeni niwaelezee ju ya nini Siku ya Mungu iliyopita niliingia mu misa na kofia imeshuka mpaka ku macho, mpaka mama moya wa protokole akanifata akasema we kijana, humu ni nyumba ya Mungu, toa hiyo kofia, nikatoa, akaniangalia, akasema pole baba, rudisha.

Ilianza siku ya tatu (Jumatano). Kambo, bibi yangu, alikuwa ku Likasi kwa mama mudogo, matanga ilikuwa imeisha, na alikuwa ametuma habari kama atarudi siku ya mposho (njo vile wazee wa Lubumbashi banaitaka Jumamosi, siku balikuwa banapokea posho ya kampuni, unga na maharagi, nasi tumerizi jina bila posho). Mi nikapanda ku kiti kutafuta sharjeri juu ya kabati yake, mukono ukagusa kitu, kitu ikaanguka, nikasikia tok, sauti kavu sawa ganda ya yai. Nikaangalia chini. Matilda.

Matilda ni pupe ya kambo. Mu vitabu ya shule banaandikaka mwanasesere lakini kwetu ukisema hivyo batakuuliza unaumwa nini. Urefu karibu sentimetre 40, nywele zake si nywele, zimechorwa tu pale pale ku kichwa, macho ya bulu, mashavu mekundu, na kapua kadogo kembamba ka kizungu kamesimama sawa kakishikilio ka mufuniko ya birika. Baba ya kambo alikuwa mupishi kwa bazungu fulani wakati muji bado unaitwa Elisabethville, na mwaka 1960 bale bazungu bakafunga masanduku mbio-mbio bakaenda, pupe ikabakia, kambo akaiokota, alikuwa na miaka 11. Tangu ile siku hakuna mutoto wa hii familia ameruhusiwa kuigusa. Mama yangu hakucheza nayo. Mi nilipokuwa mudogo nilikuwa naiangalia kutoka chini, naye ananiangalia kutoka juu, na naapa alikuwa ananizarau.

Sasa eko chini, mukono moya umeingia mu vumbi chini ya kitanda, kipaji kimebonyea sawa sufuria ya aluminyo, mwili wote umelegea, ju elastiki ya ndani, ile inashikaka mikono na miguu na kichwa pamoja, ilikuwa imeoza miaka mingi, ilikuwa inangojea tu mutu wa kusingizia.

Mutu mwingine angekimbilia Kolwezi. Mi nikasema hapana, mi ni fundi, niko na kibanda changu pa soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile inchi), nimeisha kufungua telefone iliyoanguka mu shimo ya choo na ikaita siku ile ile, pupe ni kitu gani, haina hata batri.

Nikaigeuza. Nyuma ya shingo kulikuwa na alama ya kobe. Ile kobe ilileta vita mingi kwetu, ju shangazi moya anasemaka ni ya buloshi, uchawi, njo maana nyumba yetu haifikaki ku paa. Nikatafuta mu telefone, kumbe ni alama ya kiwanda moya cha Ujerumani, kilikuwa ku Mannheim, banaita Schildkröt, jina lenyewe linatoka ku neno yao ya kobe, wameitia ku vitu vyao tangu 1889 na pupe yao ya kwanza ya seluloidi, ile plastiki ya zamani, ilitoka 1896. Na seluloidi yenyewe, nikasoma, bamarekani balianza kuitengeneza karibu mwaka 1870 ju balikuwa banatafuta kitu ya kufanyia mipira ya biliardi mahali ya pembe za tembo. Sasa fikiria, kitu imetafutwa ju ya kuachilia tembo, halafu inasafiri yote ile kuja kukaa Katanga juu ya kabati. Ndani banatiaka kafuri. Nikasugua tumbo ya Matilda na kidole mpaka ikapata moto kidogo, nikanusa, kweli kabisa, ile harufu ya dawa ya mafua banapakaaka batoto pa kifua.

Palikuwa pameandikwa pia kama seluloidi inawaka mbio sana. Hiyo nilisoma. Mukumbuke kama nilisoma.

Kazi ya kwanza ilinidanganya ju ilikwenda muzuri. Nikamwangilia mayi ya moto kidogo-kidogo pa kipaji, nikasukuma kwa ndani na kidole kupitia shingo, pok, kipaji kikarudi mahali pake. Nikatoka inje ya lupango kuonyesha watu. Hakuna mutu alikuwa ananiuliza, nilionyesha tu.

Elastiki nikakosa ya kipimo, basi nikakata mupira ya ndani ya tairi ya kinga (baiskeli), nikaipitisha mukono mpaka mukono, mwingine miguu mpaka kichwa, nikavuta na nguvu yote nikafunga. Ilishika. Ilishika hata kupita. Ukimushusha Matilda mikono, unaachia tu, pyaa, inarudi juu yote mbili, sawa mutu wa magendo amekutana na askari. Yaya yangu, ni dada yangu mukubwa, alipoona akasema huyu anaomba umusamehe. Nikasema italegea yenyewe.

Sasa uchafu. Pa shavu kulikuwa na doa ya moshi ya miaka 60 na kitu, na sabuni haikuitoa. Yaya anatengenezaka ba mama makucha, eko na chupa kubwa ya disolva, ile ya kutosha (kutoa) verni, rangi ya makucha, ndani ni asetoni. Mi asetoni naiheshimu, inatosha kila kitu. Nikalowesha pamba, nikapita pa shavu mara moya. Doa ikatoka! Nikapita tena. Nikaona shavu inang'aa sawa imepakwa mafuta, nikafurahi, nikapanda kidogo ku pua, nikasugua vile vile unasuguaka pua ya mutoto mbele ya foto, nikavuta pamba.

Pamba ikakataa kutoka. Nikavuta, ikanyooka na nyuzi-nyuzi sawa bamia. Nikavuta tena, ikatoka, nikaangalia uso ya Matilda, ni uwanja. Nikafungua pamba. Pua iko ndani.

Nilikaa pale dakika nyingi, pua mu mukono. Kumbe asetoni inayeyushaka seluloidi, si kuisafisha, inaila. Na niliposoma mbele zaidi (kusoma yangu inakuyaka siku zote nyuma ya ajali) nikaona kama hiyo njo dawa yake pia, mafundi banakata vipande vidogo vya seluloidi, banaviyeyusha mu asetoni, inakuwa uji, banaziba nayo mashimo. Sasa seluloidi nitaitosha wapi, nikate mukono ya Matilda nifanye pua? Nikaulizia, muzee moya wa kwetu aliyekuwa anachezaka pingi-pongi akaniambia mipira ya zamani ilikuwa ya hiyo hiyo, ni tangu 2014 njo ya plastiki ingine ilianza kuingia mu mashindano makubwa. Akanipa 3 kutoka ku sanduku yake, 2 nyeupe, na 1 ya rangi ya machungwa.

Namna moya ya kujua kama ni seluloidi ya kweli ni kuwasha kipande. Ki-pan-de. Mi nilikuwa nimechoka, kisu kiko mbali, yaya anapika sombe ku mbabula (jiko ya makaa), makala imeshika muzuri, basi nikashika mupira muzima na koleo nikausogeza karibu, ile ya kuangalia tu, mupira mweupe mwingine niko nao mu mukono ya kushoto. Na nikainama, ju sikutaka kupoteza kitu.

Haikuwaka sawa karatasi. Ilisema fwaa, mara moya, moto mweupe mukubwa kuliko kichwa yangu, na hata mbele nijue nimetupa koleo, mupira wa pili nao ukaenda. Kisha ikanyamaza. Makala iko pale pale, sombe iko pale pale, kuku anaendelea kudonoa. Yaya akaniangalia sana halafu akauliza pole-pole, yaani na pole ya mutu anaogopa jibu: nyusi zako uliweka wapi?

Nikabakia na mupira ya machungwa, nyusi hakuna, na siku moya.

Basi nikakata ile ya machungwa vipande-vipande, na mukasi, mbali na moto, mbali hata na kiberiti ya jirani, nikatia mu kichupa na disolva, usiku ikakuwa uji. Nikamujenga Matilda pua kwa kijiti cha meno. Ilikuwa muzuri, nawaambia, ndogo, imenyooka. Nikalala. Asubuhi ya mposho nikaamka nikakuta pua imetelemuka mpaka ku mudomo, na imekauka vile. Ya machungwa. Matilda na kipaji kipya, mikono juu, makamasi ya fanta.

Nikachukua kile kipande cha kusugulia makucha, nikasugua, nikasugua, kilichobaki ni pua pana, imekaa chini, na matundu mawili niliyotoboa na sindano. Yaya akahurumia akaleta fondote yake, ile rangi anapakaaka ku uso, akapaka juu. Rangi ya yaya na ya Matilda si moya, lakini saa ilikuwa imeisha, taksi ilikuwa inapiga honi pa mulango.

Kambo aliingia, akasalimia, akakunywa munkoyo kilauri kizima, akasema barabara mubaya. Mi nimesimama mu kivuli na kofia. Akasema muniletee Matilda wangu. Yaya akaenda, akamushusha mikono, akamukabizi kwa kambo huku anaishika, kambo akamupokea, yaya akaachia. Pyaa. Mikono ikapiga kambo miwani.

Kimya.

Kambo macho yake yameisha kuchoka, anaonaka na vidole. Akapitisha kidole gumba pa kipaji, pole-pole, akafika pa shavu, akafika pa pua. Akasimama. Akarudi juu, akashuka tena. Akakibonyeza kushoto na kulia. Mi moyo ilikuwa imepanda mpaka mu masikio.

«Hii pua,» akasema, «ni ya kambo yako muanaume.»

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa, anamugeuza Matilda ku mwanga, anasema angalia, hata namna ya kukaa chini, alikuwaka vile vile akilala, na mikono juu vile vile, Mungu wangu, miaka yote nilikuwa na muzungu juu ya kabati. Kisha akaniita nifike karibu nitoe kofia. Nikatoa. Akapitisha kile kidole gumba pa uso yangu pia, mara moya, ya kwenda tu.

«Na weye bakupangusa?»

«Ilikuwa moto, kambo.»

«Mm.» Akamulaza Matilda pa magoti, akanyamaza kidogo sawa mutu anafanya hesabu. «Lakini weye njo ulimutengeneza? Weye mwenyewe?»

Nikasema ni mi, kambo. Na apa kifua ikajaa kidogo, siwadanganye.

Basi akafungua mudomo, akatosha meno yake ya kubandika, yale ya juu, akaniwekea mu mukono zikiwa na moto bado, akaonyesha na kidole kanafasi kamepasuka pa pembeni. Akasema kitu, bila meno sikusikia muzuri, lakini ilikuwa sawa «mpaka kesho».

Niligeuka, nikaona yaya amekwisha kukamata chupa ya disolva, anaingia nayo mu chumba, anafunga na funguo.